Kabla Hujalipia Cheti cha Tovuti ya Kikundi

Kabla hujatuma hata shilingi moja kwa mtu anayekwambia tovuti ya kikundi chenu "inahitaji cheti", fungua kwanza paneli ya hostingi mnayolipia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba cheti kimo humo humo, bila malipo, kinangoja kuwashwa tu. Au kilishawashwa kikakwama kwa sababu ya kosa dogo, na kosa hilo litabaki pale pale hata ukinunua cheti cha maelfu ya shilingi. Huku kwetu Taita, kutoka Mraru hadi Voi mjini na kupanda Mwatate hadi Wundanyi, tovuti nyingi ni za watu wadogo: nyumba ya wageni karibu na lango la Tsavo Mashariki, shule ya kibinafsi, kikundi cha wanawake wanaosuka vikapu vya mkonge. Karibu wote wako kwenye hostingi ya pamoja, ile ya kulipia kwa mwaka, ambapo seva moja inabeba mamia ya tovuti za watu wasiojuana. Na wote huja na wasiwasi uleule: simu imeandika "Si salama" kando ya jina la tovuti yao, na tayari kuna mtu amewaletea ankara.

"Mwanangu, ina maana tumeibiwa?" ndilo swali la mama mwekahazina.

Hapana, mama. Onyo hilo halisemi kuna mwizi ndani. Linasema njia kati ya simu ya mgeni na seva yenu iko wazi, kiasi kwamba aliye katikati, tuseme mwenye Wi-Fi ya bure mahali fulani, anaweza kusoma kinachoandikwa kwenye fomu zenu na hata kubadilisha kinachoonekana kwenye ukurasa. Chrome ilianza kuziwekea alama hiyo tovuti zote zisizotumia HTTPS, ile njia iliyosimbwa, mnamo Julai 2018. Ndiyo sababu tovuti iliyotengenezwa zamani na kuachwa ilivyo iliamka siku moja ikaitwa si salama, bila mtu kuigusa.

Cheti chenyewe kinafanya mambo mawili tu. Kinathibitisha kwamba seva uliyoifikia ndiyo iliyokabidhiwa jina hilo, na kinawezesha mazungumzo kati yenu kusimbwa yasisomeke njiani. Hakisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao wana vyeti, tena vya bure kama vyako. Hakizuii mtu kubahatisha nenosiri lenu ikiwa ni jina la kikundi na mwaka kilipoanzishwa. Wala kisingezuia mafuriko ya maombi kama yale yaliyoikwamisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Julai 2023. Mchuuzi akikuahidi hayo yote ndani ya cheti kimoja, mpishe aende. Na akikuuzia kile cha bei ya juu kwa sababu eti jina la kampuni yako litatokea kwa rangi ya kijani kando ya anwani, mwambie Chrome iliondoa mapambo hayo mwaka 2019.

Kwa nini basi kikundi kidogo kijisumbue? Nyumba ya wageni inayopokea nambari za pasipoti kupitia fomu ya tovuti inakusanya data binafsi. Shule yenye fomu ya kuombea watoto nafasi inakusanya data nyeti zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uchukue hatua za kiufundi kuzilinda, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kuna na sababu ya mfukoni: anayetaka malipo ya M-Pesa yaingie moja kwa moja kwenye tovuti kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganishia malipo hayo, atagundua mapema kwamba anwani ya kupokelea majibu ya malipo lazima ianze na https.

Zamani cheti kilikuwa kweli bidhaa ya kununua, tena kwenye seva ya pamoja ulilazimika pia kukodi anwani ya IP ya peke yako. Seva haikuweza kujua mgeni anataka tovuti ipi kati ya hizo mamia kabla ya kumwonyesha cheti. Ilikuja nyongeza iitwayo SNI, inayomfanya mgeni ataje jina la tovuti anayoitaka mwanzoni kabisa mwa salamu, na simu na kompyuta zisizoielewa zilipoisha sokoni, haja ya IP ya peke yako ikaisha nazo. Kisha Desemba 2015 Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo Internet Security Research Group, ikafungua milango kwa umma na kuanza kugawa vyeti bure. cPanel, paneli inayotumiwa na kampuni nyingi za hostingi hapa Kenya, ikaingiza AutoSSL, inayoomba na kuhuisha vyeti yenyewe, mwaka uliofuata. Anayekwambia leo kwamba cheti hakiwezekani bila IP ya kukodi anakuuzia habari zilizochacha.

Jambo ambalo watu hawalioni ni muda. Cheti cha Let's Encrypt hudumu siku 90. Vile vya kulipia viliruhusiwa siku 398 kuanzia Septemba 2020, na wengi walizoea kulipa mara moja kwa mwaka pamoja na hostingi. Mazoea hayo yamefikia mwisho. Aprili 2025 jukwaa linalokutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipitisha ratiba ya kupunguza muda: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Piga hesabu uone maana yake kwa mtu anayekuja kukuwekea cheti kwa mkono, akachukua ada yake na kuondoka. Mwaka 2029 atatakiwa kurudi kila baada ya mwezi na nusu. Hatarudi. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye hostingi si bei ya cheti. Mwulize: kikikaribia kuisha, nani anakihuisha, na kwa njia gani? Jibu zuri ni moja tu: mashine inafanya yenyewe.

Tuingie jikoni. Kwenye cPanel shuka hadi sehemu ya Security, ubonyeze SSL/TLS Status. Utaona orodha ya majina: kikoa chenyewe, kile kile kikianza na www, halafu mail, webmail, cpanel na vingine usivyokumbuka kuviunda. Kila jina lina alama ya kufuli na maelezo ya cheti chake na tarehe ya kuisha. Kama kufuli za majina mawili ya kwanza ni za kijani na mtoaji ni Let's Encrypt au Sectigo, una cheti tayari. Tatizo lako liko kwingine, na nitalifikia. Kama ni nyekundu, weka alama kwenye majina unayoyatumia, bonyeza Run AutoSSL, kisha uache. Baada ya dakika chache fungua ukurasa upya.

Ikishindikana, soma maneno mekundu kabla ya kubonyeza tena. Wengi hubonyeza mara nyingi wakitumaini mashine itachoka iwape. Let's Encrypt ina mipaka yake: jina moja likifeli uhakiki mara tano ndani ya saa moja, unasimamishwa kwa muda, na huwezi kupewa zaidi ya vyeti vitano vya majina yale yale ndani ya wiki. Kubonyeza ovyo kunaweza kukufungia mlango siku ile ile uliyopata suluhisho.

Ili usome yale maneno mekundu ukayaelewa, jua uhakiki unavyofanyika. Mtoa cheti hakujui, na hataki kitambulisho chako. Anaipa seva yako neno la siri ndani ya faili ndogo, iwekwe kwenye folda iitwayo .well-known/acme-challenge. Halafu anakuja mwenyewe kupitia intaneti ya kawaida, kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja, akiulizia jina la kikoa chako, aone kama faili ile ipo. Akiikuta, anasadiki kwamba aliyeomba cheti ndiye anayekitawala kikoa. Asipoikuta, hakuna cheti. Karibu kila kushindwa nilikokuona ni kushindwa kwa safari hiyo.

Sababu ya kwanza, na inazidi zote, ni kwamba kikoa hakielekezi kwenye seva hii. Mlihama kutoka hostingi moja kwenda nyingine, faili zikahamishwa, lakini rekodi za DNS, zile zinazosema jina liko kwenye seva ipi, zikabaki kwa mwenyeji wa zamani. Au jina lenyewe lilielekezwa vizuri, lile la www likasahauliwa. Fungua Zone Editor uangalie rekodi ya A ya kila jina, uilinganishe na anwani ya IP iliyoandikwa upande wa kulia wa cPanel. Ukibadilisha, usitarajie matokeo papo hapo. Rekodi yenye TTL, yaani muda wa kukumbukwa, ya sekunde 14400, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye cPanel, inaweza kukumbukwa na mitandao mingine kwa saa nne, na mabadiliko ya seva za majina yenyewe huchukua muda mrefu zaidi.

Ya pili ni ya kijanja, na imewapotezea watu siku nzima: rekodi ya AAAA. Hii ni ya anwani za IPv6. Simu yako na kompyuta ya ofisini huenda zisiitumie kabisa, kwa hiyo kwako tovuti inafunguka sawasawa. Mtoa cheti akiikuta, anaijaribu hiyo kwanza, na kama inaelekea kwenye seva ya zamani, anakuta mambo mengine kabisa. Kama hostingi yenu haikuwapa anwani ya IPv6, ifute.

Kuna na wale waliojifungia wenyewe. Mtu amesoma kuhusu wadukuzi akaweka programu ya ulinzi kwenye WordPress inayozuia wageni wote wasio wa Kenya. Kwa kikundi kinachouza vikapu kwa watalii huo ni uamuzi wa ajabu tangu mwanzo, lakini tuuache. Ubaya wake hapa ni kwamba mtoa cheti naye hayuko Kenya. Vilevile faili ya .htaccess yenye kanuni ya kukataa folda zote zinazoanza na nukta huikataa ile folda ya .well-known. Na ikiwa kuna rekodi ya CAA kwenye DNS, inayotaja kampuni gani tu inaruhusiwa kukutolea cheti, hakikisha aliyetajwa ndiye ambaye AutoSSL yenu inamtumia.

Majina usiyoyatumia yaondoe kwenye AutoSSL, orodha isijae nyekundu zisizo na maana ukazoea kuzipuuza. Nikiwa hapo hapo: kila cheti cha umma huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua, kwa mfano kupitia crt.sh. Ukiunda jina dogo kama "matokeo-majaribio" chini ya kikoa cha shule ukidhani hakuna atakayelijua, cheti chake kimeshalitangaza.

Baadhi ya kampuni za hostingi za bei nafuu huifunga AutoSSL kusudi, ili ziuze vyeti. Inawezekana kupata cheti cha bure kwingine na kukibandika kwa mkono, lakini kwa ile ratiba niliyoitaja sikushauri, hama. Ukilazimika kubandika kwa leo tu, zingatia visanduku vitatu utakavyokutana navyo: cheti, ufunguo wa siri, na CABUNDLE. Watu hukiacha hicho cha tatu wazi. Matokeo yake tovuti inafunguka vizuri kwenye kompyuta iliyowahi kukumbuka cheti cha kati kutoka kwingine, halafu simu za wateja zinaikataa, na fundi anaapa kwamba kwake iko sawa. Ufunguo wa siri usiutume kwa WhatsApp. Aliyewahi kuwa nao anaweza kujifanya tovuti yenu mpaka cheti hicho kiishe au kibatilishwe.

Sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko vifungo vyote. Mraru ina historia ya kumiliki kwa pamoja kuliko wengi wanavyokumbuka. Miaka ya mwanzo ya 1970, mabasi ya kwenda Voi yalikuwa yakifika hapa yamejaa, na akina mama wenye mazao ya kupeleka sokoni wakawa wanaachwa barabarani. Wakaunda kikundi, wakachanga, na mwaka 1975 wakanunua basi lao. Kisa hicho kilitolewa mwaka 1980 kama kijitabu cha kwanza cha mfululizo wa SEEDS, kikasomwa mbali sana na Taita. Kikundi chenye akili hakinunui basi kikaandika logbuku kwa jina la dereva. Lakini ndivyo vikundi vingi vinavyofanya na tovuti: kikoa kimesajiliwa kwa jina na barua pepe ya kijana aliyeitengeneza, akaunti ya hostingi ni yake, na siku anapopata kazi Mombasa na kubadilisha laini, hakuna anayeweza kuhuisha chochote. Hapo cheti kinakufa kwa sababu kikoa kimekufa, na hakuna AutoSSL ya kufufua kikoa.

Vikoa vya .ke vinasimamiwa na KENIC, lakini unavisajili kupitia wasajili walioidhinishwa. Mwulize msajili wenu kikoa kiko kwa jina la nani na barua pepe ipi. Kisha kikundi kiwe na barua pepe yake, inayofunguliwa na viongozi wawili, na iwe nje ya kikoa chenyewe. Hili la mwisho husahauliwa. Ukisajili kikoa cha shule kwa kutumia barua pepe ya kikoa hicho hicho, siku kikifungwa, kiungo cha kurejesha nenosiri kinatumwa mahali pasipofunguka. Nambari ya simu inayopokea msimbo wa kuingilia nayo iwe ya laini ya kikundi. Msimlaumu kijana, mara nyingi alitumia jina lake kwa sababu siku ile hakuna aliyempa lingine. Mwombeni ahamishe akiwa bado karibu na mkiwa bado mnaelewana.

Kadhalika msitegemee mtu wa nje kuwakumbusha. Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za tahadhari ya vyeti kuisha mnamo Juni 2025. Mtu mmoja awe na kazi ya kufungua tovuti mara moja kwa mwezi, agonge alama iliyo kando ya anwani na kusoma tarehe. Chrome iliiondoa kufuli mwaka 2023 ikaweka alama ya vitufe viwili vya kusogeza. Msiitafute kufuli mkadhani cheti kimepotea. Kama zimebaki siku chini ya kumi na tarehe haijasogea mbele, mashine imekwama, na bado mna muda wa kuandikia hostingi kabla wateja hawajaona ukurasa mwekundu.

Cheti kikishasimama, bado kuna kazi ya kuwaelekeza watu. Anayeandika anwani kwa http ataendelea kupita njia ya zamani hadi umhamishe. Kwenye cPanel ingia Domains, uwashe Force HTTPS Redirect. Kwa WordPress, kuanzia toleo la 5.7 la Machi 2021, ukurasa wa Site Health hukupa kitufe kimoja cha kuhamia HTTPS. Baada ya hapo pitia kurasa za zamani. Picha zilizowekwa miaka iliyopita kwa anwani kamili zinazoanza na http ndizo humfanya mtu aseme "nina cheti lakini bado inalalamika". Zipo programu-jalizi za kutafuta na kubadilisha anwani hizo zote kwa mkupuo. Chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwanza. Mpangilio wa HSTS, unaoamuru vivinjari visikubali tena http kwa muda mrefu, uache hadi umeona cheti kikihuishwa chenyewe mara kadhaa.

Wanaotumia Cloudflare mbele ya hostingi yao waangalie hali ya usimbaji. Ile iitwayo Flexible husimba kutoka kwa mgeni hadi Cloudflare tu, halafu data inamalizia safari uchi hadi kwenye seva. Kivinjari kinaridhika, lakini nambari za pasipoti haziko salama. Isitoshe, ukiiunganisha na ile Force HTTPS, tovuti huzunguka bila kufunguka. Weka Full (strict), ukiwa na cheti halali kwenye seva yenyewe.

Mtu mmoja tu akilalamika wakati wengine wote wanaingia, omba uione simu yake. Simu iliyoishiwa betri ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita itakataa karibu kila tovuti duniani, kwa kuwa kwa hesabu yake cheti bado hakijaanza. Rekebisha saa. Android za zamani kuliko 7.1.1 ni habari nyingine: hazina cheti cha mzizi cha Let's Encrypt, na mpango uliokuwa ukizibeba uliisha mwaka 2024. Firefox ina orodha yake yenyewe ya mizizi, kwa hiyo ikikubali kuwekwa kwenye simu hiyo, huenda ikaokoa hali.

La mwisho ni barua pepe. Cheti cha tovuti kinaweza kuwa kizima huku programu ya barua kwenye simu ya mwalimu mkuu ikitoa onyo kila asubuhi. Aghalabu ni kwa sababu ameandika mail na kikoa cha shule kama jina la seva, na jina hilo halimo kwenye cheti kinachotolewa na seva ya barua. Fungua Connect Devices kwenye ukurasa wa Email Accounts, uchukue jina la seva lililopendekezwa hapo, hata kama ni la kampuni ya hostingi na halina jina lenu ndani yake, uliweke kwenye simu kwa lango la 993 la kupokea na 465 la kutuma. Kubofya "kubali hata hivyo" kila siku kunamzoeza mwalimu kukubali onyo lolote, hata siku ambayo seva iliyojibu si yenu.